Utepe Juu ya Mpunga

Siku ya kumaliza matanga ya baba yangu, Iha, ndugu zake waligawana vitu vyake. Walisema wamegawana kwa haki. Baba mdogo Mwaro alichukua televisheni, deki ya video, jenereta na kibanda chenyewe kilichokuwa nyuma ya hoteli ya chai, pale njia panda ya Garsen. Wengine wakachukua baiskeli na kitanda. Mama akaachiwa sufuria, ambazo alikuwa amezinunua mwenyewe. Halafu Mwaro akawa anazipekua kaseti za filamu, moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwenye moja iliyomchekesha.

"Hii mpeni Kadii," alisema. "Haina ngumi, haina bunduki. Inamfaa mtu asiyesema."

Watu walicheka huku wanakula. Nilitoka mlangoni nilipokuwa nimekaa nikaipokea kwa mikono miwili, nikarudi mahali pangu.

Ni kweli kwamba sisemi. Hata shuleni, kabla sijatolewa darasa la tano ili nimuuguze baba, mwalimu akiniuliza swali jibu lilikuwa linanikaa kooni mpaka anamuuliza mwingine. Baba peke yake hakunihimiza. Alikuwa akisema, "Mwacheni, anaweka akiba," kisha anaendelea na kazi yake.

Kaseti hiyo aliipata Malindi, alikokuwa akitandika vyumba hotelini. Mzungu mmoja mzee aliyekaa pale miezi mingi alimwachia alipoondoka. Ilikuwa na karatasi ubavuni iliyoandikwa kwa mkono, kwa wino wa buluu. Haikuwa filamu ya sinema. Ilikuwa filamu ya televisheni ya zamani, hadithi tatu ndani ya moja. Abiria watatu wamekwama kwenye stesheni ya gari moshi, gari limechelewa, na kila mmoja anatoa hadithi yake. Ya kwanza ni ya mwizi. Ya tatu ni ya mbwa anayelinda nyumba ya mtu aliyekufa. Ya katikati ni ya mwanamke bubu anayetengeneza saa.

Baba alikuwa mtafsiri wa kibanda chake mwenyewe. Alisimama kando ya televisheni na kijiti mkononi, akawaeleza watu kwa Kiswahili yale yanayosemwa, na siku za mnada aliongeza maneno ya Kiorma kwa ajili ya wachungaji. Filamu ya stesheni hakuionyesha sana, kwa sababu wateja hawakuipenda. Aliionyesha mchana wakati kibanda kitupu, na watazamaji tulikuwa mimi na mama.

Alivyotueleza, yule mwanamke wa saa hakuwa bubu. Alikuwa anaweka maneno yake akiba mpaka siku mtu atakapomuuliza anataka nini. Watu wanaingia dukani, wanamwekea saa mbovu juu ya meza, wanamfokea, wanakaa kwenye kiti chake kilicho karibu na dirisha, naye anasimama akifanya kazi. Mwishoni anakuja mwanamume mwenye koti refu, anavua kofia, anamuuliza. Na yule mwanamke anafungua mdomo, anasema kwa muda mrefu bila kupumzika.

"Anasema nini, Baba?" niliuliza mara ya kwanza.

"Anasema, nataka kiti changu. Ondokeni nyote kwenye kiti changu. Nilikinunua mimi, na dirisha ni langu, na jua linaloingia ni langu."

Nilimwomba anirudishie pale mara nyingi, na kila mara alinitafsiria vilevile.

Mwaka uliofuata kifo chake ikaja mvua kubwa, ile ya El Nino. Mto Tana ulipanda mpaka ukaingia madukani. Barabara ya Malindi ikakatika, ya Hola ikakatika, na chakula kikawa kinaletwa kwa ndege. Kibanda cha Mwaro kilijaa maji hadi kwenye mabenchi. Deki na televisheni aliviokoa, lakini kaseti zake zote zililowa, zikaota ukungu. Yangu ilikuwa kwenye sanduku la bati la mama, limening'inizwa chini ya paa.

Maji yalipopungua, Mwaro akaja kwetu na sukari kwenye mfuko.

"Kadii mwanangu," alisema. Hakuwa ameniita mwanawe tangu tulipomzika baba. "Niazime ile kaseti yako. Watu wamekaa tu, hawana hata cha kutazama."

Mama alinitazama. Niliitoa sandukuni nikampa.

Kwa hiyo miezi ile yote Garsen nzima ilitazama filamu ya stesheni, kwa sababu hakukuwa na nyingine. Hata watoto walijua mwizi ataingilia dirisha gani. Lakini mafuta ya jenereta yalikuwa hayapatikani kwa urahisi, na kila hadithi ya katikati ilipoanza wanaume walipiga miluzi, wakarusha ndara. Siku moja Mwaro akachoka.

"Huyu mwanamke na saa zake ananimalizia mafuta bure," alisema.

Akaifungua kaseti, akachukua wembe, akaukata utepe pale hadithi ya katikati inapoanza na pale inapoishia, akaunganisha mwizi na mbwa kwa karatasi ya gundi. Kipande cha katikati akakitupa nyuma ya kibanda, kwenye jivu la hoteli ya chai.

Nilikikuta hapo asubuhi nikienda kuchota maji. Kilikuwa kirefu, cheusi, kimejikunja kama utumbo. Nilisimama nikakitazama. Mwaro alitoka akiwa na mswaki mdomoni.

"Nini? Una neno?"

Nilikuwa nayo mengi. Nilikiokota kile kipande nikakifunga kwenye kanga, nikaenda nacho nyumbani.

Mama aliushika utepe, akauvuta kidogo, akausikiliza unavyolia kwenye upepo. Alikuwa amepanda mpunga kwenye tope lililoachwa na mto, na ndege walikuwa wameanza kuja.

"Hapa hatuna deki," alisema. "Utakaa sandukuni uoze. Heri ufanye kazi."

Tukaukata kwa kipimo cha shamba, tukausimika juu ya vijiti, kutoka ukingo hadi ukingo. Kila kijiti mama alikifunga kwa fundo lake, fundo lilelile analofungia makuti, la kuzungusha mara mbili na kuacha mkia. Upepo wa pwani ukivuma, utepe ulitetema na kumetameta, ukatoa sauti kama nyuki, na ndege wakapita juu wakaenda kwenye mashamba ya wengine. Nilipokuwa nikipalilia chini yake nilijiambia kwamba yule mwanamke yuko pale juu, na kwamba hatimaye anasema.

Mgeni alikuja wakati wa kipupwe. Basi lake lilikuwa linakwenda Lamu, lakini njia ilikuwa na majambazi na mabasi hayakuruhusiwa kupita bila polisi, kwa hiyo abiria walikaa Garsen kungoja. Alikuwa mtu mzima, mwenye kipara, miwani yake imefungwa kwa uzi, na begi kubwa ambalo hakuliweka chini hata alipokunywa chai. Kwa kukosa la kufanya akaingia kwa Mwaro.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikifuta vumbi kwenye deki, kazi ambayo Mwaro aliniachia kwa sababu hakuna mwingine aliyeiweza. Kabla filamu haijaanza, kwenye kaseti ile kulikuwa na matangazo ya biashara ya huko ilikotoka. Tangazo la sabuni, la biskuti, kisha mwanamume mwenye tai anayetangaza kipindi. Ndipo mgeni akaruka.

"Simamisha! Rudisha nyuma!"

"Mzee, kaa chini!" watu wakapiga kelele. "Unatuzibia kwa ajili ya sabuni?"

"Rudisha, tafadhali! Kaseti hii ni ya nani?"

"Yangu," alisema Mwaro.

Kalla, mchuuzi wa ng'ombe ambaye hakosi siku ya mnada, akacheka pale benchi la mbele. "Mwaro, wacha uongo. Hii ni ya msichana. Wewe mwenyewe ulimpa matangani. Mimi nilikuwa hapo, nakula wali yako."

Ndivyo mgeni alivyofika kwetu jioni ile, Mwaro akiwa nyuma yake. Alikaa kwenye kigoda, akaishika kaseti magotini, akaeleza. Zamani alifanya kazi kwenye televisheni, Nairobi, na sasa alikuwa anakusanya filamu ambazo zilionyeshwa usiku mmoja kwenye televisheni halafu zikapotea. Filamu ya stesheni ilionyeshwa hivyo, mara moja. Baadaye wenyewe waliipunguza ili waiuze nchi nyingine, wakaitoa hadithi ya katikati, na ile nzima wakaifuta ili watumie utepe kwa mambo mengine. Nakala zilizobaki ulimwenguni zina mwizi na mbwa tu. Lakini matangazo haya, alisema, yanaonyesha kwamba kuna mtu aliirekodi nyumbani kwake usiku uleule wa kwanza, na kuna watu Ulaya na Amerika ambao wameitafuta miaka mingi. Hata tangazo la sabuni wangelitazama huku machozi yanawatoka.

"Wanaitaka kwa sababu ni nzuri?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Kwa sababu haipo."

Mama aliliwaza hilo. "Na wewe unataka nini?"

"Nyumbani nina deki na televisheni, nzuri kuliko za huyu bwana. Nina jenereta ndogo. Nikipata hadithi ya katikati, nitawatumia vyote kwa basi. Bila ya hiyo, kaseti hii ni kama zile nyingine, nitawapa asante tu."

Mama hakunitazama, lakini nilijua anaona nilichokuwa naona mimi. Chumba chetu, shuka nyeusi mlangoni, mabenchi mawili. Wateja wetu. Kutokwenda tena kwa Mwaro kuomba chumvi na kusubiri amalize kuzungumza na wengine wote kwanza. Mashine ya baba isingerudi, lakini ingekuja nyingine.

Mgeni akamgeukia Mwaro. "Nimeona muunganisho. Umeikata wewe? Kipande kiko wapi?"

Mwaro alitazama vidole vyake vya miguu.

"Kiko shambani," nilisema. Mama aligeuka, maana sikuwa nimewahi kumjibu mgeni kabla ya kuulizwa mara tatu.

Asubuhi tulikwenda wanne. Mgeni alipouona utepe umetandwa juu ya mpunga alivua viatu akaingia kwenye tope na soksi. Alishika kamba moja akaielekeza kwenye jua.

"Umechafuka tu," alisema. "Nimewahi kuuponya mwingine uliotoka chini ya maji. Jua haliui picha kwa msimu mmoja. Utoeni. Utoeni polepole."

Mama hakusogea. Alikuwa ameshika shuke la mpunga. Alilibana kati ya vidole, likatoa maziwa meupe.

"Sasa ndio wakati wao," alisema. "Nikiutoa leo, kesho ndege wako hapa."

"Shemeji, mpunga na mashine, kipi bora?" Mwaro alisema. "Huna hesabu?"

"Sikuulizi wewe, Baba Winfred," mama alimjibu Mwaro kwa jina la mwanawe. " Kanda ni ya Kadii. Kadii, sema."

Wote walinitazama. Upepo ulipita, utepe ukalia.

"Tuutoe," nilisema.

Mama alianza kufungua mafundo, lakini mgeni akamzuia. "Usiyafungue, utauvuta. Ng'oa vijiti, acha mafundo yalivyo, nitayafungua mwenyewe nyumbani chini ya taa." Kwa hiyo tuliukunja na mafundo yake yote, na tope lake, na mavi ya ndege, tukauweka kwenye mfuko wa nailoni.

Tukiwa kazini aliniuliza kama niliwahi kuiona hadithi ya katikati. Nilimweleza kidogo, mwanamke, maneno ya akiba, kiti. Akacheka, si kwa ubaya.

"Nani alikuambia hivyo? Nimeisoma kwenye kitabu. Yule mwanamke amemuua mumewe, amemficha ndani ya saa kubwa. Mwenye koti ni polisi. Pale mwishoni anakiri kosa."

Niliendelea kukunja. Baba alijua Kiingereza cha kutandika vyumba. Samahani bwana, taulo bwana, kwaheri bwana. Sikuwa nimewahi kulifikiria jambo hilo. Mama alikuwa amesikia. Aliinama akang'oa kijiti kingine, akasema kwa Kigiriama, taratibu, kwamba kitabu hakikuwa kwenye kibanda siku ile, sisi tulikuwepo.

Tulipomaliza, mama alisimama mbele ya mgeni. "Utatuachia nini, bwana, mpaka mashine ije?"

Mwaro akaingilia. "Unamdai mgeni rehani? Unatuaibisha! Mimi namdhamini. Mwanamume mzima huyu."

Mgeni aliweka mkono kifuani. "Mama, mwezi huu hautaisha mashine haijafika."

Hakwenda Lamu tena. Alipanda basi la Malindi siku ileile, kaseti yangu na mfuko wetu ndani ya begi. Kesho yake nilipokwenda kufuta vumbi kwa Mwaro, ubao wa nje ulikuwa umeandikwa kwa chaki filamu mbili mpya za ngumi. Kaseti zilikuwa juu ya deki, hazina hata mkwaruzo. Sikuuliza zimetoka kwenye begi la nani.

Na ndege walikuja. Hawakungoja. Walishuka kama mtu anamwaga kokoto, wakalijaza shamba, na sisi wawili tukikimbia upande huu wanahamia upande ule. Mama alipiga sufuria mpaka ikapasuka. Tulichovuna kilienea kwenye kikapu kimoja, na nusu yake makapi.

"Deki ikija tutanunua mchele," mama alisema. Alilisema hilo kwa majuma, kila siku kwa sauti ndogo zaidi, kisha akaacha.

Mwezi ukaisha, na mwingine. Kila basi la kutoka kusini lilipoingia nilikwenda kusimama karibu na ngazi, nikatazama mizigo inavyoteremshwa kutoka juu. Magodoro, madebe, kuku. Wapagazi wakanizoea. "Bibi harusi wa video," waliniita. "Leo pia hajaja?"

Aliyeniletea kitu hatimaye ni Jairus, kondakta wa basi la Mombasa, kijana mpole kutoka upande wa Ngao. Aliniita kando ya basi akanipa mfuko wa nailoni. Ulikuwa mwepesi.

"Yule mzee alinikuta ofisini Mombasa," alisema. "Amesema nikwambie hivi. Ule utepe haukuwa na kitu. Jua lilikuwa limeshafuta kila picha. Amekurudishia, utakufaa kwa ndege. Amesema pole sana."

"Na kaseti?"

"Hiyo hakunitajia, dada."

Jairus alinisindikiza hadi nyumbani, labda aliona uso wangu. Mwaro alikuwa hapo, amekuja kuomba nimfulie mapazia. Mama alipokea mfuko, akautia mkono, akautoa utepe mmoja mrefu, akaanza kuupitisha kati ya vidole vyake kama anayetafuta kitu gizani. Aliupitisha mpaka ukajaa miguuni pake.

"Mafundo yangu yako wapi?" aliuliza.

"Aliyafungua, shemeji," Mwaro alisema. "Si alisema atayafungua?"

"Utepe huu ukishafungwa fundo haunyooki tena. Unabaki na kovu. Na mimi niliukata vipande kwa mkono wangu. Huu ni mmoja, mzima. Na tope? Na mavi ya ndege? Aliufua kwa sabuni ile ya kwenye tangazo?"

Nilichukua ncha nikaitazama. Ulikuwa mweusi wa kung'aa, laini, haujawahi kuona jua. Ulikuwa utepe mwingine kabisa. Na mtu hatumi utepe mwingine kama ule wa kwanza haukuwa na kitu.

Jairus alivua kofia yake. "Mimi nilipewa tu," alisema. "Hata jina lake silijui. Nairobi ni kubwa, dada."

Mama akamgeukia Mwaro. "Baba Winfred. Wewe ulimdhamini."

"Nilimdhamini kufika," Mwaro alisema. "Nilimdhamini kurudi? Na nyinyi mngefanya nini na mashine? Nani angetafsiri? Huyu?" Alininyooshea kidevu. "Watu walipe kumtazama akitazama?"

Alicheka peke yake, akaondoka, mapazia akayaacha kwenye kigoda. Niliyafua. Sabuni ilikuwa ya kwake na ilibaki kipande.

Msimu uliofuata mama alipanda tena. Nilidhani tutautandika ule utepe mpya, kwani ulikuwapo na ndege ni walewale. Lakini alikuwa ameshautumbukiza chooni.

"Sitaki hadithi ya mtu nisiyemjua juu ya mpunga wangu," alisema.

Kwa hiyo tulijenga dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, na kwa kuwa miguu ya mama ilikuwa imeanza kuvimba, ndani ya dungu nikakaa mimi. Kazi ya dungu ni kupiga bati na kupaza sauti kuanzia ndege wanapoamka mpaka wanapolala. Siku za kwanza nilipiga bati tu. Ndege walilizoea upesi, wakawa wanakula huku wananitazama. Mama alisimama ukingoni na fimbo yake, akanitazama naye. Hakunihimiza.

Mashuke yalipoanza kutia maziwa nilisimama. Sikujua wengine wanawaambia nini ndege. Nilijua maneno yale tu.

"Ondokeni kwenye kiti changu!"

Sauti ilitoka mbaya, yenye kutu. Wachungaji waliokuwa wakiwapitisha ng'ombe barabarani walisimama, nikamwona Kalla kati yao, ameweka mkono juu ya macho.

"Nani huyo anapiga kelele?" mmoja aliuliza.

"Sijui," Kalla alisema. "Hapa hakuna mtu ya kupiga kelele."

"Nilikinunua mimi! Na dirisha ni langu! Na jua linaloingia ni langu!"

Ndege waliruka wote kwa pamoja, wakazunguka juu ya mto, wakatua upande wa pili wa shamba. Nikageuka upande huo nikaanza tena.